Moyo Usio na Mwenyewe

"Angalia hii ya kulia," alisema Daktari Ewesit. "Unaona nini?"

Inspekta Apajok aliinama juu ya meza. Picha zilikuwa mbili, zote zimetoka kwenye mashine ya kupima moyo, nyeusi na zenye ukungu mweupe katikati.

"Naona mawingu, Daktari."

"Ndiyo sababu wewe ni polisi." Aliweka kalamu juu ya picha ya kushoto. "Hii nilipiga mwezi wa sita. Hapa kuna vali, mlango wa moyo. Unapaswa kufunguka hivi." Alitanua vidole viwili. "Huu unafunguka hivi." Akavisogeza vidole mpaka ikabaki nafasi ya kupitisha uzi. "Na hii ya kulia nimepiga leo asubuhi. Mlango mzima. Moyo wa mtu anayeweza kukimbia kutoka hapa hadi Kalokol."

"Dawa haziwezi kuwa zimemponya?"

"Vali ikishabana, vidonge havifungui. Hii ni mioyo miwili, Inspekta. Watu wawili, jina moja."

Jina hilo lilikuwa Adut Anyang, msichana wa miaka kumi na minne, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma. Mkuu wa Hospitali ya Rufaa ya Bonde la Turkwel alikuwa ameripoti kituo cha polisi cha Lodwar saa tatu asubuhi. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: mtu amejifanya mgonjwa wa moyo ili apate nafasi ya upasuaji.

Nafasi zenyewe zilikuwa chache. Daktari Ewesit alikuja Lodwar siku tatu tu kila mwezi, kutoka Eldoret, na kliniki yake ya moyo ilikuwa chumba kimoja, mashine moja na foleni inayoanzia langoni. Safari hii kulikuwa na madaktari wapasuaji wageni kule Eldoret, wanaofanya kazi bila malipo, na walikuwa wamekubali kumpokea mgonjwa mmoja kutoka Turkana. Siku yake ilikuwa Jumamosi. Jumapili wageni wangepanda ndege.

"Leo ni Jumatano," Apajok alisema.

"Ndiyo. Gari linaondoka hapa Ijumaa alfajiri."

"Mwenye moyo huu wa kushoto asipopatikana?"

Daktari alizikusanya picha, akazirudisha kwenye faili. "Msimu mwingine wa upasuaji ni baada ya mwaka. Huyu simpi mwaka. Mkuu anataka umshike aliyedanganya, na hiyo ni kazi yako. Mimi nataka mgonjwa wangu."

Apajok aliomba faili, akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini. Alianza na namba, kama kawaida yake. Mwezi wa sita Adut Anyang alikuwa na kilo thelathini na nne na urefu wa sentimita mia moja arobaini na nane. Leo alikuwa na kilo hamsini, urefu mia moja sabini na mbili. Kando ya namba hizo muuguzi alikuwa ameandika kwa penseli: *Mizani ikaguliwe.*

Adut wa leo alikuwa amekaa mbele yake, miguu mirefu imevuka nusu ya ukumbi. Mama yake alikuwa pembeni, shuka limefungwa begani, macho yametulia sakafuni.

"Mama Adut," Apajok alisema, "huyu ndiye aliyekuja mwezi wa sita?"

"Ndiyo."

"Amekua sana."

"Sisi Dinka nakua."

"Sentimita ishirini na nne kwa miezi minne?"

"Kambi nakula vizuri," alisema Mama Adut, na mwanawe akageuza uso upande wa ukuta kuficha kicheko.

"Na wewe, Adut? Unaumwa nini?"

Msichana alimtazama mama yake kwanza. "Moyo," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nimeambiwa nilale tu."

Mama yake alimwambia neno kali kwa Kidinka, na mlango wa maneno ukafungwa hapo.

Mkuu wa hospitali alikuwa na mshukiwa wake tayari. Aliitwa Déo, Mkongo wa umri wa miaka thelathini hivi, ambaye shirika linalogharamia matibabu ya wakimbizi lilimtumia kuwasindikiza wagonjwa kutoka Kakuma hadi Lodwar. Déo ndiye aliyeshika orodha, na kwa mkuu hilo lilitosha. Apajok alimkuta nje, amekaa kivulini kando ya gari la shirika, amepakata daftari lake.

"Wanasema unauza nafasi," Apajok alisema bila salamu.

"Nimesikia, Afande." Déo hakusimama. "Kama ningeuza, ningekuwa na viatu kama hivi?" Aliinua mguu. Kandambili ilikuwa imeshonwa kwa waya.

"Mwezi wa sita ulimleta nani?"

"Mimi niko na orodha. Ninaita jina, mutu anaitika, anaingia motokari. Niliita Adut Anyang, mutoto akaitika. Mufupi. Alikuwa anapumua kama mutu ametoka kupanda mulima."

"Na jana?"

"Niliita Adut Anyang, mutoto akaitika. Murefu."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Lakini mama yake alikuwa pale, ananiambia ni huyu. Mimi ni nani nimwambie mama hajui mutoto wake?"

Apajok aliandika. "Yule mfupi alisema nini njiani?"

"Hakuna kitu. Bamama ba Sudani balimusemesha Kiarabu, yeye anatazama dirisha tu. Balisema ni bubu ao iko na kiburi." Déo alifikiri kidogo. "Lakini tulipofika pale mbuzi zinavuka barabara, dereva akapiga honi, huyo mutoto akatoa kichwa inje akazipigia mbuzi mulunzi. Zikatoka. Dereva alicheka mpaka Lodwar."

"Mluzi gani?"

"Sijue, Afande. Mimi ni mutu wa Uvira. Sisi tunajua samaki."

Apajok alifunga daftari. Alirudi ndani, akafungua tena faili, safari hii ukurasa kwa ukurasa. Nyuma ya majibu ya damu kulikuwa na fomu yenye mchoro wa meno. Alimpelekea Daktari Ewesit, aliyekuwa na mzee mmoja kitandani, kifua kimepakwa jeli.

"Hii ni ya nini, Daktari? Moyo una meno?"

"Mtu hapasuliwi vali kabla meno yake hayajakaguliwa. Jino bovu linaweza kupeleka uchafu kwenye damu, na uchafu ukakaa kwenye vali." Hakuondoa macho kwenye mashine. "Meno yake yalikuwa safi."

"Lakini mawili hayapo. Ya mbele, ya chini. Hapa pameandikwa: *yaling'olewa, desturi*."

"Wadinka wanang'oa meno, Inspekta. Kila mtu anajua."

"Mimi nimefanya kazi Kakuma miaka tisa. Wale wa kambini wanaong'oa, hung'oa manne, wengine sita. Mama Adut ana pengo la manne, nimeliona akiongea. Binti yake hajang'oa hata moja, kama watoto wengi waliozaliwa kambini." Apajok alivuta mdomo wake wa chini kwa kidole. Katikati palikuwa na nafasi ya meno mawili. "Wewe ni Mturkana kama mimi, mtu wa Lokitaung. Mama yako anayo hii?"

Mkono wa daktari ulisimama juu ya kifua cha mzee. Mzee naye, aliyekuwa akisikiliza, alifungua kinywa kuonyesha pengo lake.

"Anayo," daktari alisema. "Mawili."

"Mtoto hajui Kiarabu. Anajua kufukuza mbuzi kwa mluzi mmoja. Ana pengo la meno mawili. Tumekuwa tukimdhania wa kambini, Daktari. Huyu ni mtoto wetu."

Alirudi ukumbini, akakaa benchi moja na Mama Adut. Hakufungua daftari.

"Yule mtoto ni Mturkana," alisema. "Mama yake ni rafiki yako."

Vidole vya Mama Adut viliukunja upindo wa shuka, vikaukunjua.

"Moyo wake nimeuona kwenye picha. Mlango umebaki kama uzi. Daktari anasema ni Jumamosi, au basi."

"Mimi nikisema, kadi yangu kalas," Mama Adut alisema hatimaye. "Iko watoto sita. Bila kadi nakula nini? Mawe?"

"Kuna mtu amechukua chakula kwa kadi yako? Mafuta, unga, chochote?"

"Hapana. Jina tu. Ya hospitali."

"Malalamiko niliyoletewa yanahusu mgonjwa. Kadi ya chakula haijatajwa, na mimi siandiki kesi ambayo hakuna aliyeileta."

Mama Adut alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama anayepima kitu sokoni. Kisha akaanza kusema.

Rafiki huyo aliitwa Nawoi. Alikuwa akileta makaa kambini, na Mama Adut alimpa unga. Hivyo tu, miaka mingi. Mwaka mmoja mto Tarach ulifurika, maji yakaingia majumbani, na Nawoi alivuka maji hayo akiwa amembeba kichwani mtoto mchanga wa Mama Adut ndani ya karai. Baadaye binti yake Nawoi, Esinyen, akaanza kukosa pumzi. Zahanati walimwambia aende Lodwar kwa daktari wa moyo.

"Gari iko ya kambi," Mama Adut alisema. "Nawoi hana gari. Mimi nasema, chukua jina ya Adut. Adut haiumwi, jina yake nakaa bure."

"Na jana, kwa nini ukamleta Adut mwenyewe?"

"Nawoi haiko. Miezi mbili. Mbuzi nafuata majani. Mimi natuma watu, hawapati. Gari nakuja, huyu Mkongo naita jina. Kama hakuna mtu naitika, nafuta." Aliinua mikono. "Wewe najua laini ya maji? Mtu akienda, sisi naweka mtungi yake kwa laini. Hakuna mtu natoa. Akirudi, nafasi iko. Sasa mimi naweka Adut."

"Ulimweka Adut kama mtungi."

"Kama mtungi."

"Nilimshow, Afande," Adut aliingilia, kidevu juu ya magoti. "Nilimwambia, Mathe, kule wana mashine, wataniona ndani. Akasema Lodwar ni kulala tu siku mbili, mwenyewe atafika."

"Mimi najua mashine napiga mara moja," alisema mama yake. "Amepiga mwezi ya sita. Kwa nini apige tena?"

Apajok aliinuka, akampigia simu dereva wa kituo.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Landikruza ya polisi ilitoka Lodwar. Mama Adut alikaa mbele kuonyesha njia. Binti yake alibaki na wauguzi. Kakuma waliuliza kwa wauza makaa kando ya lami. Wa kwanza hakumjua Nawoi. Wa pili alimjua lakini alipoona gari la polisi akasahau. Mama Adut aliteremka peke yake, akachuchumaa na wanawake hao, akaongea nao kwa Kiturkana kibovu kilichowafanya wacheke, akarudi na jibu.

"Pelekech. Chini ya mlima, kisima ya pampu."

Walifika saa nne. Mbuzi walikuwa wamezunguka birika la maji, na wanawake watatu walisimama walipoliona gari. Mmoja alimtambua Mama Adut, akapiga hatua mbili mbele, kisha akamwona Apajok na kusimama.

"Ejoka," Apajok alimsalimu.

"Ejok," alijibu Nawoi, bila kusogea. Shanga zilimfika kidevuni. "Polisi hawamfuati mtu huku kwa ajili ya mema."

Waliongea kwa Kiturkana. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto," alisema Apajok.

"Hajaiba kitu."

"Najua. Yuko wapi?"

Nawoi alimwangalia Mama Adut, na Mama Adut akaitikia kwa kichwa. Ndipo akanyoosha mkono kuelekea kibanda kimoja, mwendo wa hatua kama mia tatu.

Esinyen alikuwa amekaa mlangoni, ameegemea nguzo, mikono imeshika magoti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwili wa mtoto wa kumi. Shingoni mwake mshipa ulikuwa unarukaruka. Apajok alichuchumaa mbele yake, akamwomba kadi ya sindano alizoandikiwa na daktari wa moyo. Msichana aliitoa chini ya ngozi aliyokuwa ameikalia, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki. *Adut Anyang. Sindano kila wiki nne.* Mihuri ilikuwa mitatu. Miraba miwili iliyofuata ilikuwa mitupu.

"Hizi mbili hukuchoma."

"Tulikuwa huku na mbuzi," msichana alijibu. Alipumzika kidogo katikati ya maneno. "Nilimwambia mama... tukirudi nitachoma zote... siku moja."

Nawoi alikuwa amefika. Apajok alimweleza yote waziwazi: vali, Eldoret, Jumamosi. Alisikiliza huku akimwangalia bintiye.

"Watamfungua kifua?"

"Ndiyo."

"Kisha atarudi?"

"Sijui. Daktari anasema wengi hurudi. Akibaki hapa, daktari anajua jibu lake, na wewe unalijua."

Nawoi aligeukia kisimani. "Mbuzi wangu wananyweshwa na nani?"

"Mimi," alisema mmoja wa wale wanawake wa kisimani, aliyekuwa amewafuata. "Nenda. Unauliza kama mtu asiye na jirani."

Walianza kutembea kuelekea gari. Esinyen alikataa kushikwa. Alisimama baada ya hatua thelathini, kisha baada ya ishirini, kisha baada ya kumi. Mara ya nne Apajok alimpa mgongo, na msichana akapanda. Hadi kufika garini, Inspekta alikuwa anausikia moyo ule kwenye bega lake, unakwenda mbio ingawa mwenyewe ametulia.

Saa nane na nusu walikuwa Lodwar. Daktari Ewesit alikuwa ameiacha nafasi wazi. Alimlaza Esinyen upande wa kushoto, akapaka jeli, akaweka kifaa kifuani. Alipima kwa dakika kumi. Kisha akachukua picha ya mwezi wa sita, akaishika kando ya kioo.

"Ndiye," alisema. "Ila umebana zaidi. Tungesubiri mwezi mwingine, nisingekuwa na la kufanya."

Muuguzi alivuta fomu mpya. "Jina?"

Esinyen alimtazama mama yake, kisha Mama Adut, kisha muuguzi.

"Adut Anyang," alisema.

"Hapana," Adut alisema kutoka kwenye benchi. "Hilo langu nalitaka sasa. Sema lako."

Esinyen aliuliza kwa macho, na Apajok akaitikia.

"Esinyen Lomuria."

Daktari aliwapigia simu wapasuaji Eldoret, akawaeleza. Jibu lao lilikuja upesi: waletewe mwenye picha, jina watabadilisha wao. Simu ya pili, kwa shirika, ilichukua muda mrefu zaidi. Mtu wa upande wa pili hakuwa mkali. Alisema tu kwamba Adut Anyang ameonekana mzima, kwa hiyo amefutwa. Na Esinyen Lomuria si mtu wa kambini, kwa hiyo gari lao haliwezi kumbeba. Angependa kusaidia. Alisema hivyo mara tatu.

"Ambulansi yetu?" Apajok aliuliza.

"Iko Lokori, imekatika springi." Daktari alivua glavu. "Basi la abiria siwezi kuruhusu. Anahitaji kulala, anahitaji oksijeni na muuguzi. Nina muuguzi, nina mtungi wa oksijeni. Sina gari."

Apajok alitoka kwenda ukumbini. Nawoi na Mama Adut walikuwa wamekaa sakafuni, wamegeuziana migongo wakiegemeana, kila mmoja akila kipande cha chapati alichopewa na Déo. Alipita kando yao, akasimama karibu na dirisha, akampigia mkuu wake wa upelelezi.

"Umemshika nani?" mkuu aliuliza.

"Bado, Afande. Lakini nina shahidi. Ndiye aliyetumia lile jina mwezi wa sita. Bila yeye hakuna kesi."

"Mlete kituoni aandikishe taarifa."

"Hawezi, Afande. Maneno manne tu, pumzi inakatika. Nina barua ya daktari. Anasema shahidi atengenezwe kwanza."

"Atengenezwe wapi?"

"Eldoret. Jumamosi. Na shahidi wa serikali husafirishwa na serikali. Naomba Landikruza kesho alfajiri, na dizeli ya kwenda na kurudi."

Upande wa pili, Apajok alisikia kiti kikivutwa, na mlango ukifungwa.

"Huyo shahidi ana miaka mingapi, Apajok?"

"Kumi na mitatu."

"Mshukiwa je? Nitaandika nini kwa mkuu wa hospitali?"

"Andika uchunguzi unaendelea. Shahidi mkuu ni mgonjwa. Taarifa yake itachukuliwa akipona."

"Na asipopona?"

"Hatutakuwa na kesi, Afande."

Mkuu alipumua kwa nguvu ndani ya simu. Aliuliza kama dereva amepata usingizi, na kama kuna wa kubadilishana naye usukani. Apajok alisema yeye mwenyewe atashika usukani kutoka Lokichar.

"Basi ondokeni saa kumi na moja," alisema mkuu. "Na mtafutie blanketi zito huyo shahidi. Mtoto wa huku hajui baridi ya Kapenguria."